Kabla ya Kumwandikisha Mtoto: Namna ya Kuitazama Shule ya Msingi ya Jirani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi na walezi katika kipindi cha uandikishaji wa darasa la awali na darasa la kwanza



 Tumeombwa tuzungumze juu ya namna mzazi awezavyo kuipima shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na nyumbani kwake, kabla jina la mtoto wake halijaandikwa katika daftari la shule hiyo. Yamkini wapo wanaojiuliza ofisi inayoshughulikia haki za walaji inahusika vipi na shule isiyotoza ada. Jibu letu ni kwamba huduma isiyolipiwa mlangoni imekwisha kulipiwa kwa kodi, nanyi mnaitoa kodi hiyo kila mnunuapo sabuni na muda wa maongezi. Aliyelipa ana haki ya kukikagua alichokilipia. Isitoshe, unga uliooza hurudishwa dukani kesho yake, lakini miaka miwili ya mwanzo ya mtoto darasani hairudishwi popote.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mazungumzo kama haya, tuliwashauri wazazi waanze na matokeo ya mtihani wa darasa la saba, walinganishe wastani wa shule mbili au tatu, kisha wachague yenye wastani wa juu. Bibi mmoja aliyekuwapo alitusikiliza, akaufuata ushauri huo neno kwa neno. Aliiacha shule iliyo hatua mia tatu kutoka nyumbani kwake, akampeleka mjukuu wake katika shule nyingine ng'ambo ya barabara kuu. Baada ya miaka miwili na miezi kadhaa alikuja ofisini kwetu akiwa amemshika mjukuu mkono. Hakusema mengi. Alimwomba mtoto asome maandishi yaliyobandikwa mlangoni petu, nayo yalikuwa maneno matatu tu: Karibu, bisha hodi. Mtoto yule alikuwa darasa la tatu. Alizitaja herufi mbili za kwanza, akanyamaza, akamtazama bibi yake.

"Wanangu," alisema bibi, "mimi sikusoma. Niliwategemea ninyi mliosoma."

Tulikwenda kuiona shule ile. Hatukukuta udanganyifu wowote katika matokeo yake. Wastani ulikuwa wa kweli, na walimu wa darasa la saba walistahili sifa. Lakini katika darasa la kwanza tulikuta watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa wa tatu tangu mwaka uanze. Sababu yake si siri kwa mtu aliyewahi kukaa karibu na shule. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na upimaji wa darasa la nne ndivyo vinavyoonekana na wakubwa, kwa hiyo mwalimu mkuu aliye na walimu wachache huwapanga walio hodari katika madarasa hayo. Darasa la kwanza huachiwa anayebaki. Tangu michango ya lazima iondolewe Januari 2016, watoto wengi mno wamefika shuleni, nalo ni jambo la heri. Ila wingi huo huanza kuonekana katika darasa la kwanza, wakati vyumba na walimu huongezeka polepole.

Kwa hiyo ushauri wetu wa leo umegeuka. Anzeni na darasa la kwanza na la pili. Matokeo ya mtihani yafuate baadaye, na kwa tahadhari.

Nendeni siku ya kawaida ya masomo. Siku ya mahafali au ya ugeni huwaonyesha yaliyoandaliwa tu. Fikeni ofisini kwa mwalimu mkuu, mjitambulishe, mwombe ruhusa ya kuona darasa la kwanza. Wengi huruhusu, anayekataa kwa sababu ya msingi, kama vile mtihani unaoendelea, atawapangia siku nyingine. Mkifika mlangoni, hesabuni watoto. Msiulize uwiano wa walimu na wanafunzi wa shule nzima, maana mtatajiwa wastani, na wastani huficha mambo. Kiwango kinachokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini shule yaweza kukifikia kiwango hicho kwenye karatasi huku darasa la saba lina 40 na darasa la kwanza lina 130. Ulizeni pia kama watoto wa darasa hilo husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Zamu si kasoro kwa yenyewe. Watoto sitini wanaofundishwa saa tatu hupata zaidi kuliko watoto mia moja na ishirini wanaokaa saa sita bila kufikiwa. Linalowahusu ninyi ni nani atakayekuwa na mtoto wakati wa zamu ambayo hayuko shuleni.

Kisha ulizeni habari za mwalimu. Amefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingapi? Amepata mafunzo ya kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu? Amekuwa na watoto hawa tangu Januari? Kumfundisha mtoto sauti za herufi, kisha silabi, kisha neno, ni ufundi wa pekee, na si kila mwalimu hodari wa Hisabati ya darasa la saba anao. Shule ambayo mwalimu wake wa darasa la kwanza amekaa hapo miaka minane, anaijua kazi yake na anaipenda, ina hazina hata kama madirisha yake hayana vioo.

Baada ya hapo, tafuteni madaftari. Hapa ndipo tungependa mtumie muda mwingi zaidi, kwa sababu daftari la mtoto ni ushahidi usioweza kuandaliwa kwa ajili ya mgeni. Mtaani kwenu wamo watoto wanaosoma shule hiyo. Waombeni majirani mwone madaftari ya watoto watatu wa darasa la pili: anayesifiwa, wa wastani, na anayesemwa kuwa mzito. Tazameni tarehe. Kama daftari la kuandika lina kazi moja mwezi Machi na nyingine mwezi Mei, mmekwisha kujua jambo kubwa. Tazameni usahihishaji. Yako madaftari yenye alama ya vema juu ya kila kazi, na ukisoma unakuta mtoto ameandika "nymba" mara kumi, na mara zote kumi amewekewa vema. Mwalimu hakusoma, alipitisha kalamu. Yako mengine ambamo kosa limezungushiwa duara, neno sahihi limeandikwa pembeni, na mtoto amelirudia chini yake. Pale ambapo daftari la mtoto mzito nalo limesahihishwa hivyo, basi yupo mwalimu anayewaona watoto wote.

Jambo la tatu ni kumsikiliza mtoto akisoma. Mwaka 2010, tathmini ya Uwezo ilipofanyika hapa Tanzania, watoto walipimwa majumbani mwao kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na ikaonekana kwamba wengi wa waliofika darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu. Andikeni ninyi wenyewe sentensi nne au tano nyepesi kwa herufi kubwa zinazosomeka: Asha ana mbuzi. Mbuzi amekula mchicha wa bibi. Bibi amekasirika. Mpeni mtoto wa jirani aliye darasa la pili au la tatu, asome, kisha mwulizeni bibi amekasirikia nini. Msitumie kitabu cha shule, kwa kuwa watoto wengi wamekariri kurasa zake na huzighani bila kuyatazama maneno. Sisi tuliwahi kumgeuzia mtoto ukurasa akiwa katikati ya kusoma, naye akaendelea na ukurasa ule ule wa kwanza mpaka mwisho, kwa sauti nzuri kabisa. Na fanyeni jambo hili kwa upole. Mtoto asijione kwamba anatahiniwa mbele ya wageni, na mama yake asijisikie kuaibishwa. Nyumba nyingi zitafurahi mkifanya kama mchezo.

Sasa matokeo ya mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huyaweka matokeo ya kila shule katika tovuti yake, shule moja moja, kwa namba inayoanza na herufi PS. Asiyekuwa na simu ya intaneti aweza kuomba kijana wa jirani amsaidie. Baraza limeacha kutangaza orodha ya shule zinazoongoza, nasi twaona lilifanya vyema. Mkiyafungua matokeo, someni madaraja ya kila somo kabla ya kuuangalia wastani. Kila somo lina alama 50, na daraja C huanzia alama 21. Shule yenye A na B tele katika Kiswahili, na D na E katika Hisabati na Kiingereza, inawaambia jambo ambalo wastani wa alama 300 hauwaambii. Hesabuni pia idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 20 hupanda na kushuka kwa sababu ya watoto watatu tu, hivyo tazameni miaka mitatu kwa pamoja. Na kama mwaweza kujua, linganisheni idadi hiyo na ya walioanza darasa la kwanza miaka saba nyuma. Walioanza 160 wakamaliza 90, wale 70 wako wapi? Wengine walihama, wengine walikariri darasa, wengine waliacha. Mwalimu mkuu aijuaye shule yake atawajibu bila kukasirika.

Kumbukeni vilevile kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Matokeo ya darasa la saba mnayoyasoma ni ya mpango ambao mtoto mnayemwandikisha leo hatapita.

Mambo ya majengo tutayapitia kwa haraka, ila vyoo havipitiwi kwa haraka. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nendeni mkayahesabu, mkaone kama milango ina komeo, kama maji yapo siku hiyo, na kama kuna mahali pa kujistiri kwa wasichana wakubwa. Wanaojua ukweli wa vyoo ni wasichana wa darasa la tano na la sita. Mama akiwauliza pembeni watamwambia. Ukuta uliopakwa rangi mpya hauwaambii lolote. Dawati lenye watoto watano linawaambia.

Lipo suala la viboko, ambalo wazazi huona haya kuliuliza. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kwamba adhabu hiyo isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Msichana hupigwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Mwalimu anayetembea na fimbo mkononi darasani, akimchapa anayekosea silabi, yuko nje ya kanuni. Mkiwa shuleni, sikilizeni. Darasa la watoto wadogo wenye amani lina kelele ya kujibu kwa pamoja na kucheka; pale wanapokaa kimya na kukunja mabega mwalimu akipita karibu, tambueni. Mwaweza kuomba kuonyeshwa kitabu cha adhabu. Kukiomba tu huifanya shule ijue kwamba wako wazazi wanaofuatilia.

Tuje kwenye fedha. Ada hakuna, lakini gharama zipo: sare, madaftari, kalamu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji, kwa kiwango kilichopangwa cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo hubakishwa kwa ajili ya vitabu. Fanyeni hesabu wenyewe: shule ya watoto 900 ikipata shilingi 6,000 kwa kila mmoja, ina shilingi 5,400,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Hapo mtaelewa kwa nini kamati ya shule hurudi kwenu. Mchango uliojadiliwa na mkutano wa wazazi na kupata kibali cha mamlaka si dhambi, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuutoa. Linalotusumbua sisi ni vile vya rejareja: mia tano ya jaribio kila Ijumaa, elfu moja ya masomo ya ziada, mia mbili ya nakala. Kwa hiyo msiwaulize majirani kama shule ina michango, maana watawajibu kwamba haina. Waulizeni: tangu Januari hadi leo, mtoto wako mmoja amekugharimu shilingi ngapi pale shuleni? Wapeni muda wa kuhesabu. Mara nyingi mwenyeji mwenyewe hushangaa kwa jumla anayoipata. Kisha mtazame ubao wa matangazo wa shule, kama mapato na matumizi yamebandikwa na ni ya mwezi gani.

Upande wa safari, itembeeni njia pamoja na mtoto, saa ile ile atakayopita, na muifikirie wakati wa masika. Korongo linalorukwa kwa hatua moja mwezi Septemba huwa mto mwezi Aprili. Anayetazamia kumpandisha mtoto daladala asimame kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aone wanafunzi wangapi wanaachwa. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na kondakta mwenye haraka huliona hilo kabla hajamwona mtoto. Mtoto wa miaka sita anayefika shuleni kipindi cha pili amechoka, akiwa hajanywa hata uji, amekwisha kupoteza somo la kusoma, kwa kuwa katika shule nyingi ndilo hufundishwa asubuhi.

Mkikaa na mwalimu mkuu, swali moja tumeliona lina manufaa kuliko mengine: ni jambo gani linalokunyima usingizi katika shule hii mwaka huu? Anayesema hakuna, hajawaamini au haijui shule yake. Anayesema, "Darasa la kwanza nina watoto 118, nimemwomba Afisa Elimu Kata mwalimu wa pili, na kwa sasa mimi mwenyewe nafundisha mkondo mmoja," huyo mpeni mtoto. Mwaweza pia kuuliza wathibiti ubora wa shule walipokuja mara ya mwisho walipendekeza nini, na kipi kimetekelezwa. Mwenye mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, au mwenye ulemavu wowote, aulize hayo mapema kuliko wengine wote, kwa sababu shule yenye mwalimu wa elimu maalumu yaweza kuwa mbali na uhamisho huchukua muda.

Wapo watakaotuuliza juu ya shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam. Hizo hutoza ada, nafasi zake hugombewa, na hazimo katika mazungumzo ya leo. Tunasema tu kwamba mtoto aliyeshindwa kusoma kwa lugha anayoiota usiku hatasaidiwa kwa kuhamishiwa lugha nyingine.

Baada ya yote haya, mkikuta kwamba shule mbili zinakaribiana katika darasa la kwanza na la pili, maoni yetu ni kuchagua iliyo karibu. Hatusemi hivyo kwa sababu ya miguu ya mtoto peke yake. Mzazi aliye karibu huhudhuria mkutano, humwona mwalimu njiani, na huweza kuchungulia dirishani akienda sokoni. Lakini kama shule ya karibu haiwafundishi watoto kusoma, hatutawaambia mbaki kwa ajili ya ujirani. Tunajua ya kwamba wazazi wenye nguvu wakiondoka wote shule hudhoofika zaidi, na tunajua pia kwamba mtoto hana darasa la kwanza la pili. Hapo kila mmoja ataamua mwenyewe, na hatutamlaumu yeyote.

Wengi wenu, hata hivyo, mna shule moja tu inayofikika, na mtoto ataingia humo vyovyote iwavyo. Kwenu ninyi uchunguzi huu si kazi bure. Mwenye kujua mwezi wa Januari kwamba darasa lina watoto 130 anajua kwamba sehemu ya kazi ya kusoma itafanyika nyumbani, robo saa kila jioni, hata kwa kuandika silabi mchangani. Na ana la kusema, kwa tarakimu, katika mkutano wa kwanza wa wazazi. Malalamiko huanza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha idara ya elimu ya awali na msingi katika halmashauri. Andikeni barua fupi, mtaje tarehe, mbaki na nakala.

Yule bibi hakumhamisha mjukuu wake katikati ya mwaka. Alimtafuta mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala, wakapatana, na mtoto akawa anasomea pale kibarazani kila jioni. Januari iliyofuata alimrudisha shule ya karibu, akarudia darasa la pili. Mwaka huu bibi mwenyewe ni mjumbe wa kamati ya shule, naye yupo hapa ukumbini, safu ya tatu. Tumemwomba awe wa kwanza kujibu maswali yenu, kabla yetu sisi.